Kumuonesha Mnyonge Si Kumwanika

Ndugu msomaji, wazee wetu walituachia methali mbili ambazo kwa mtazamo wa haraka zinapingana. Ya kwanza yasema kwamba mficha maradhi, kifo humuumbua. Ya pili yatuonya tusimwage mchele kwenye kuku wengi. Moja inatutaka tuiseme shida ili ipate tiba. Nyingine inatutaka tuchague pa kuisemea. Sisi tunaoshughulika na mambo ya msikiti, tunaoandika mihutasari ya vikao na kutunza daftari la wajane na yatima, tumejikuta katikati ya methali hizo kwa sababu ya chombo kidogo ambacho siku hizi karibu kila mtu anacho mfukoni, yaani kamera ya simu.

Katika kila mtaa wapo watu wasioonekana. Tunawapita kila alfajiri tukienda kusali: mama anayelala kwenye kibaraza cha duka, kijana asiyeweza kutembea, mzee anayezoa taka za wenzake. Macho yanawaona, lakini mipango inapopangwa hawahesabiwi, na siku wasipokuwepo hakuna anayewaulizia. Kwa zaidi ya miaka mia moja wamekuwepo watu walioifanya picha kuwa silaha ya kuwatetea wanyonge wa namna hiyo. Silaha hiyo imefanya kazi kubwa. Lakini imepata pia kuwakata wale wale iliyokusudiwa kuwalinda, na ndiyo maana tunapenda kuitazama leo upande wa makali na upande wa mpini.

Hatuingii hapa katika ikhtilafu ya wanazuoni juu ya hukumu ya picha yenyewe. Mahali pake ni kwenye darsa, na wenye elimu wameshaieleza. Tunazungumzia picha ambazo tayari zinapigwa, katika miji yetu na ndani ya nyua za misikiti yetu, kwa jina la kuwasaidia watu.

Tuanze na Kongo. Baada ya Mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885, nchi ile kubwa ilitambuliwa kuwa milki ya mtu mmoja, Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, ambaye hakuwahi kuikanyaga hata siku moja. Mbele ya mataifa alijinadi kuwa mfadhili aliyekuja kukomesha biashara ya utumwa. Huko ndani, viwanda vya Ulaya vilipohitaji mpira, vijiji vilipangiwa kiasi cha utomvu wa kuleta kutoka msituni. Waliopungukiwa walipigwa, wake zao walifungwa kama rehani, na wengi waliuawa. Askari walidaiwa kuthibitisha kwamba risasi hazikupotea bure, na uthibitisho ulikuwa mikono iliyokatwa.

Habari hizi zilikuwa zikivuja kwa miaka mingi kupitia barua na taarifa za wasafiri. Tatizo ni kwamba neno lilijibiwa kwa neno. Mashahidi waliposema watu wanauawa, watumishi wa mfalme walisema ni uzushi wa washindani wa kibiashara, na raia wa Ulaya aliyeketi nyumbani kwake hakuwa na njia ya kupima nani mkweli.

Tarehe 14 Mei 1904, mtu mmoja aitwaye Nsala, wa kijiji cha Wala, alifika katika kituo cha misheni cha Baringa akiwa na kifurushi cha majani. Ndani yake mlikuwa na mkono na mguu wa binti yake mdogo, Boali. Alieleza kwamba walinzi wa kampuni ya mpira ya ABIR wamemuua mwanawe. Kituoni hapo alikuwepo mwanamke wa Kiingereza, Alice Seeley Harris, mke wa mmisionari, aliyekuwa na kamera. Alimketisha Nsala barazani, akaviweka mbele yake vile vilivyobaki vya mtoto, akampiga picha. Katika picha ile hakuna damu inayomwagika wala mtu anayepiga kelele. Ni baba ameketi, anatazama chini.

Picha hiyo na nyingine alizopiga bibi huyo zilichapishwa, kisha zikaoneshwa kwa taa za kurushia picha ukutani, katika makanisa na kumbi za Uingereza na Marekani, yeye na mumewe wakizieleza moja baada ya moja. Mwaka 1905 mwandishi wa Marekani Mark Twain alitoa kijitabu cha kejeli ambamo mfalme anailalamikia kamera kwa kuwa ni shahidi asiyehongeka. Mwaka 1908 Leopold alilazimika kuiachia Kongo, ikawa koloni la dola ya Ubelgiji. Haukuwa uhuru, na dhuluma hazikukoma siku hiyo. Lakini utawala wa mtu mmoja asiyewajibika kwa yeyote ulifikia mwisho.

Tukiishia hapo tutakuwa tumesema nusu ya habari. Picha haikufanya kazi hiyo peke yake. Nyuma yake alikuwepo E. D. Morel, karani wa kampuni ya meli, aliyesoma hesabu za bandarini akaona kwamba meli zinakuja na mpira na pembe za ndovu, na zinarudi Kongo zimebeba zaidi bunduki na risasi. Ilikuwepo ripoti ya Roger Casement, balozi mdogo wa Uingereza, iliyotolewa mwaka huo huo wa 1904. Na walikuwepo Wakongo wenyewe. Tume ya uchunguzi ilipofika Baringa, chifu mmoja aitwaye Lontulu aliweka mezani vijiti 110, kila kijiti mtu wake mmoja aliyeuawa kwa ajili ya mpira, akavigawa kwa mafungu: wakubwa, wanaume, wanawake na watoto. Mzee yule hakuwa na kamera, na vijiti vyake vilisema. Picha ilifungua macho ya watu. Hesabu na ushahidi ndivyo vilivyomnyima mfalme pa kujificha.

Kuna jambo jingine katika habari ya Nsala ambalo ni rahisi kulipita. Nsala hakuviziwa njiani. Alikuja mwenyewe, kwa miguu yake, akiwa na msiba wake mkononi, akitaka uonwe. Na picha ilipokwenda Ulaya ilikwenda na jina lake, jina la mtoto, jina la kijiji na jina la kampuni iliyotenda. Mtazamaji hakuambiwa amhurumie Mwafrika fulani. Aliambiwa nani amemfanyia nani nini, wapi.

Sasa tuvuke bahari tutazame picha ya pili, ambayo huenda ndiyo iliyochapishwa kuliko nyingi za karne iliyopita. Mwezi Machi 1936, wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi Marekani, mpiga picha Dorothea Lange alikuwa katika kazi ya idara moja ya serikali iliyoshughulikia wakulima waliofilisika. Huko Nipomo, California, kwenye kambi ya vibarua wa kuchuma njegere ambao zao lao liliharibiwa na baridi, alimkuta mama ameketi chini ya turubai na watoto wake. Alimpiga picha chache. Aliandika kwamba mama huyo ana miaka 32. Jina hakumuuliza.

Magazeti yalipoitoa picha ile, serikali ilipeleka kambini chakula kingi, ratili 20,000, sawa na tani tisa hivi. Watu waliokuwa na njaa walikula, na hilo hatulidharau. Lakini yule mama mwenyewe alikuwa ameshaondoka na wanawe kwenda kutafuta kibarua kwingine. Sura yake iliyakaa magazeti, vitabu na kuta za makumbusho kwa miaka arobaini, na hakuna aliyejua ni nani. Mwaka 1978 ndipo alipojulikana: Florence Owens Thompson, mwenye asili ya Wacherokee, wenyeji wa Marekani tangu kale. Alisema wazi kwamba heri picha ile isingepigwa, kwa kuwa haikumpatia hata senti na jina lake halikuulizwa. Familia yake ilikanusha pia baadhi ya maelezo yaliyoambatana na picha, likiwamo la kwamba walikuwa wameuza matairi ya gari lao ili wapate chakula. Mwaka 1983 alipougua, watoto wake waliomba msaada hadharani, na wananchi waliokuwa wakiipenda picha ile wakachanga zaidi ya dola 25,000. Alifariki mwaka huo huo.

Tafakari, ndugu msomaji. Uso mmoja uliwalisha wengi na ukaibadili fikra ya taifa juu ya umaskini, na mwenye uso aliishi nao kama deni asilolikopa. Wala haiwezi kusemwa kwamba zama zile ndivyo zilivyokuwa na hapakuwa na njia nyingine. Miaka 28 kabla ya siku ile ya Nipomo, mpiga picha mwingine wa Marekani, Lewis Hine, alianza kuzunguka viwandani na migodini akiwapiga picha watoto walioajiriwa humo. Wenye viwanda hawakumtaka, hivyo aliingia kwa kujifanya muuza Biblia au mkaguzi. Lakini kwa watoto alikuwa mwangalifu. Aliwauliza majina, umri na saa za kazi, akaandika kwa siri kalamu ikiwa mfukoni, na urefu wa mtoto aliupima kwa vifungo vya nguo yake mwenyewe, kwani alikwishajua kila kifungo kiko umbali gani kutoka ardhini. Ilichukua muda mrefu. Sheria ya kwanza ya shirikisho ilipitishwa 1916, ikatenguliwa mahakamani 1918, na iliyodumu ikaja 1938. Picha zile zilihimili ubishi wa miaka thelathini kwa sababu kila moja ilikuwa na maelezo ya kweli chini yake.

Picha ya tatu inatoka karibu na nyumbani. Mohamed Amin alizaliwa Eastleigh, Nairobi, mwaka 1943, akakulia Dar es Salaam, na ni Dar es Salaam alipoanzisha kampuni yake ya picha, Camerapix, mwaka 1963. Wasomaji wetu wa umri mkubwa huenda wanamkumbuka pia kwa kitabu chake cha picha za Hija kilichotoka 1978. Mwezi Oktoba 1984 alikwenda kaskazini mwa Ethiopia pamoja na mwandishi wa BBC, Michael Buerk. Huko Korem waliwakuta maelfu ya watu wamejikusanya kwa njaa, wakifa usiku kwa baridi na kuvikwa sanda asubuhi. Filamu aliyopiga ilitangazwa tarehe 23 Oktoba 1984, ikaonekana katika nchi nyingi, na ndiyo iliyozaa michango mikubwa ya wanamuziki, ikafikia tamasha la tarehe 13 Julai 1985 lililofanyika London na Philadelphia kwa wakati mmoja. Njaa ile ilikuwa imeripotiwa tangu awali na dunia haikushtuka. Kamera ya mtoto wa Afrika Mashariki ndiyo iliyoishtua.

Na huyu hakuwa mtalii wa misiba. Mwaka 1991 alipoteza mkono wake wa kushoto katika mlipuko wa ghala la silaha Addis Ababa, akarudi kazini na mkono wa bandia. Tarehe 23 Novemba 1996 alikuwa ndani ya ndege ya Ethiopia iliyotekwa nyara, ikaishiwa mafuta na kuanguka baharini karibu na Ngazidja, Komoro. Alikuwa miongoni mwa waliofariki. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Pamoja na heshima yote kwa kazi hiyo, wapo waliouliza maswali mazito baadaye, na walikuwa na haki ya kuuliza. Watazamaji waliiona njaa kama janga la mbingu peke yake. Hawakuoneshwa vya kutosha kwamba palikuwa na vita, na kwamba utawala wa kijeshi wa wakati ule ulikuwa na mkono wake katika njaa ile. Tena baada ya hapo kila shirika lililotaka fedha lilitafuta mtoto aliyekonda, mwenye nzi machoni, bila jina wala wazazi, hadi sura hiyo ikawa ndiyo Afrika yenyewe mbele ya walimwengu. Mwaka 1989 mashirika ya hiari ya Ulaya yalikubaliana juu ya kanuni za picha na ujumbe kuhusu nchi zetu, yakitaka watu waoneshwe kama watu wenye akili, juhudi na heshima, na yakikemea picha za kutia huruma tu. Kanuni ziliandikwa. Tabia haikufa. Imehamia kwetu, na sasa wapigaji ni sisi kwa sisi.

Tutoe mfano wa msikiti wetu, ulioko pembezoni mwa jiji la Dar es Salaam. Ramadhani moja mfadhili alileta futari kwa wajane na wazee: mchele, unga, sukari, mafuta na tende, kila mtu fuko lake. Mwakilishi wake alikuja na bango lenye jina la mfadhili, akatoa sharti kwamba kila anayepokea asimame mbele ya bango, ashike fuko, apigwe picha, na picha zirushwe siku hiyo hiyo kwenye makundi ya simu. Kamati ilimwomba aliache sharti hilo. Alijibu kwamba hana mamlaka ya kulibadili.

Foleni ilipokuwa ikisogea, bibi mmoja tunayemheshimu, aliyewafundisha wengi wetu juzuu ya Amma tukiwa wadogo, alifika karibu na bango, akaitazama kamera, akavuta ushungi wake, akatoka kwenye mstari. Tulimfuata. Alisema kwa sauti ya chini: "Wanangu, mchele nautaka, sina kiburi. Lakini mkwe wangu yumo kwenye hayo makundi ya simu. Nitamtazamaje?" Akaondoka. Jioni ile fuko lake lilipelekwa nyumbani kutoka mfuko wa msikiti, na aliyelipeleka ni mwanamke mwenzake, usiku, kama sadaka za zamani zilivyokuwa zikipelekwa.

Katika kikao kilichofuata palikuwa na mjadala mkali, na tungependa msomaji ausikie kwa haki. Mzee wetu mhazini alisema: "Katibu, andika kwamba mimi napinga kuondoa picha. Mara ngapi tumesikia misaada imeishia mikononi mwa viongozi? Mfadhili katoa mali yake, ana haki ya kujua imefika. Hii ni amana, na amana ina ushahidi." Hakuna aliyeweza kusema kwamba mzee amekosea. Maalim wetu alimjibu kwa adabu: "Mzee wangu, ushahidi tunautaka sote. Swali ni kwa nini ushahidi wa uaminifu wetu sisi utolewe kwa uso wa yule bibi."

Maneno hayo ya Maalim ndiyo yaliyotufungua. Tulikumbushana mafunzo ya Suratul Baqara kuhusu sadaka: kwamba kuitoa dhahiri ni jambo jema na kuificha ukiwapa mafukara ni bora zaidi, kwamba masimango na maudhi huibatilisha, na kwamba wako mafukara ambao kwa kujizuia kwao, asiyewajua huwadhania kuwa ni matajiri. Watu wa aina hiyo ya mwisho ndio hasa wanaokimbia kamera. Kwa hiyo picha ya foleni, mbali na kuwadhalilisha waliomo, inawachuja na kuwaondoa wale wanaostahiki zaidi.

Tuliamua hivi. Mafuko yahesabiwe na kupigwa picha yakiwa ghalani kabla na baada ya ugawaji. Kila mpokeaji atie saini au dole gumba kwenye daftari mbele ya mashahidi wawili. Mfadhili yeyote akaribishwe kulikagua daftari hilo ofisini, na kuandamana na wagawaji akitaka, bila kamera. Mhazini aliridhika na daftari. Mfadhili yule hakuridhika, na mwaka uliofuata hakurudi. Mafuko yalipungua karibu nusu. Watu wa mtaa walichangishana wakaziba pengo kwa sehemu, lakini si lote, na wapo waliopata pungufu ya walichozoea. Hatutaki kumdanganya msomaji kwamba sitara haina gharama. Inayo, na siku nyingine wanaoilipa ni wenye njaa, jambo linalotufanya tusione fahari katika uamuzi ule ingawa tunausimamia.

Kama tungeishia hapo, huenda ungedhani tumeamua kuifungia kamera kabatini. Sivyo. Miezi kadhaa baadaye alitujia ndugu mmoja wa mtaani, ambaye miguu yake ililemazwa na polio utotoni na hutembelea baiskeli ya magurudumu matatu anayoikokota kwa mikono. Alikuwa na jambo. Kituo cha afya anachokitegemea kilikuwa na ngazi mlangoni, na kila alipokwenda ilimbidi aiache baiskeli chini, apande kwa viganja na magoti mbele ya watu. Alikwishalisema kwa mdomo mara nyingi na kuambiwa litashughulikiwa. Akatuambia: "Nipigeni picha nikipanda zile ngazi, mziambatanishe na barua, na jina langu mliandike."

Tulimuuliza kama ana uhakika. Alicheka. "Kila siku wananiona nikitambaa," alisema. "Hao wenye kuamua ndio hawajaniona." Lakini aliweka masharti. Kwanza akavae kanzu yake safi. Pili, picha moja imuoneshe ameketi kwenye baiskeli yake, anatazama kamera, ili wajue ni mtu na siyo mzigo. Tatu, azione zote kabla hazijakwenda. Zilipigwa kadhaa, akachagua tatu, akakataa moja iliyomuonesha amefumba macho kwa maumivu. "Hiyo ni yangu," alisema. Barua ikaandikwa, ikataja idadi ya ngazi na kimo cha kila moja, ikapelekwa kwa wanaohusika. Haikurushwa kwenye kundi lolote la simu. Ilichukua muda na safari za kufuatilia, lakini leo pana njia ya mteremko ya saruji pembeni ya ngazi zile, na wanaoitumia ni wajawazito na wazee kuliko hata yeye. Jina lake liko chini ya picha zile kama alivyotaka. Hapa hatulitaji, kwa sababu ruhusa aliyotupa ilikuwa ya barua ile na haikuwa ya gazeti.

Kati ya yule bibi na ndugu huyu ndipo tulipoielewa habari ya Nsala na ya yule mama wa Nipomo. Wote wawili ni wanyonge, wote walikuwa na haja, na kamera ni ile ile. Bibi angepigwa picha kwa haja ya mwingine, aonekane na watu wasio na la kumfanyia isipokuwa kumjua umaskini wake. Ndugu yetu aliitumia picha kwa haja yake, akaipeleka kwa mwenye uwezo wa kuliondoa tatizo, na picha ikaelekeza kidole kwenye ngazi na siyo kwenye miguu yake. Huko ndiko kumuonesha mtu. Kule kwingine ni kumwanika, kama nguo kwenye kamba.

Kwa hiyo kabla hatujabonyeza, tujiulize mambo machache. Je, mwenye uso ndiye aliyetaka, au anakubali kwa sababu mchele uko mikononi mwetu? Ridhaa ya mwenye njaa aliyesimama mbele ya chakula ni ridhaa dhaifu, na mtoto yatima hana hata hiyo dhaifu ya kutoa. Je, maelezo yatakayoandikwa chini ya picha ni ya kweli, na mhusika ameyasikia? Je, picha inaonesha nani au nini kimesababisha shida, au inaonesha shida tu kana kwamba ilianguka kutoka mbinguni? Je, itamfikia mwenye uwezo wa kutenda, au itazagaa kwa wapita njia? Na baada ya miaka kumi, yatima huyu akiwa kijana anayetaka kuposa, picha hii itakuwa wapi?

Swali hili la mwisho lina sura ya kisheria pia. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina yake ya 2019. Picha ya mtu anayetambulika ni taarifa yake. Kamati za misikiti, madrasa na vituo vya yatima nazo zinakusanya taarifa za watu, na si vyema zikangoja kufundishwa adabu na serikali katika jambo ambalo dini yao ililitangulia.

Vijana wetu wenye vipaji vya kupiga picha tunawaomba wasivunjike moyo na haya. Kazi ipo, tena nyingi. Ipo mitaro iliyoziba inayofurika hadi madarasani, vipo vyoo vya shule visivyo na milango, ipo mitaa ambayo gari la taka halifiki. Waende na daftari pamoja na kamera, waandike tarehe, mahali na vipimo, wawaulize watu majina yao na wawaoneshe picha kabla ya kuziondoa mtaani. Wakikataliwa, washukuru na kuaga.

Imepokewa katika hadithi sahihi kwamba alikuwepo mtu, na katika mapokezi mengi ni mwanamke, aliyekuwa akifagia msikiti wa Mtume, rehema na amani zimshukie. Alipofariki, watu walimzika bila kumjulisha Mtume, kana kwamba waliliona ni jambo dogo. Mtume alipomkosa, alimuulizia. Akaambiwa amekufa. Akataka aoneshwe kaburi lake, akaenda kumsalia. Hakuna aliyekuwa na picha ya mwanamke yule, na sisi hatuijui sura yake. Alionekana kwa sababu yupo aliyegundua kwamba hayupo. Kamera ikitusaidia kufikia hapo, tuitumie. Isipotusaidia, daftari letu la wajane liko ofisini, na majina yaliyomo yanahitaji mtu wa kwenda kubisha hodi.

Wabillahi tawfiq.